Ukaidi wa Mashine Kuukuu ya Boti

Mashine ya boti, yaani injini inayopachikwa tezini kwa nje na kuteremshiwa mguu wake majini ili izungushe propela, hukataa kuwaka kwa sababu chache zinazoweza kuandikwa zote nyuma ya tiketi ya basi, lakini katika madiko ya pwani ya Afrika Mashariki, huko wavuvi wanakoshushia samaki, ukataaji huo huelezwa kwa nadharia nyingi kuliko skrubu zilizomo ndani ya mashine yenyewe. Pengo hilo linastahili kuchunguzwa, kwa kuwa anayeielewa mashine bila kuwaelewa watu walioizunguka atakuwa bado mchangani maji yatakapopwa, na boti yake itakuwa imelala ubavu juu ya tope.

Historia ya chombo hiki ilianza kwa uchovu. Mfaransa Gustave Trouvé alipachika injini ya umeme kwenye mashua katika mto Seine mwaka 1881, lakini aliyefanikiwa kuifanya biashara ni Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyehamia Marekani, ambaye inasimuliwa kwamba siku moja ya joto kali alipiga makasia kwenda kumletea aiskrimu binti aliyekuwa akimchumbia, Bess, na aliporudi ikawa imeyeyuka. Alianza kuuza mashine zake mjini Milwaukee mwaka 1909, huku Bess, ambaye wakati huo alikwisha kuwa mkewe, akiiendesha biashara. Kwa hiyo mwanzo wa mashine ya boti ni mtu aliyechoshwa na kasia, na mwisho wa safari nyingi za mashine kuukuu ni mtu huyohuyo akipiga kasia, ila sasa amebeba nyuma yake zaidi ya kilo 35 za chuma kisichomsaidia.

Mashine kuukuu zilizo nyingi pwani ni za mipigo miwili, maana yake ni kwamba pistoni humaliza kazi yake yote kwa kupanda mara moja na kushuka mara moja, na oili haina chumba chake bali huchanganywa ndani ya petroli, kwa kawaida lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, ingawa vitabu vya baadhi ya mashine hutaja kipimo kingine. Madikoni kipimo hicho huchukuliwa kwa chupa ya maji ya kunywa, kwa jicho, na kwa hali ya mfuko. Oili ikizidi, plagi huchafuka na moshi huwafikia walio msikitini, na ikipungua, pistoni huganda ndani ya silinda, ugonjwa usiotibika kwa kuvuta kamba. Ili iwake, mashine inataka mafuta, hewa na moto, yaani cheche ya plagi, pamoja na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda, ambao mafundi huuita kompresheni. Haitaki kupigwa teke wala kutukanwa, na haijapata kuwaka kwa sababu ya kukumbushwa bei iliyonunuliwa.

Uchunguzi wenye akili ungeanzia kwenye klipu ya kuzimia. Hiki ni kipande kidogo cha plastiki chenye kamba nyekundu ambayo nahodha hujifunga mkononi, ili akitupwa baharini klipu ichomoke, moto wa plagi ukatike, na boti isiende zake bila yeye. Klipu isipokuwa mahali pake, mashine huzunguka vizuri, hunywa mafuta, hutoa sauti za kutia moyo, na haiwaki kamwe. Kwa kuwa klipu ni ndogo na nahodha ni mtu wa tahadhari, huitundika nyumbani kwenye msumari uleule wa kanzu ili isiibwe, na hivyo mashine hulindwa barabara dhidi ya wezi na dhidi ya mwenyewe.

Baada ya klipu hufuata tangi. Juu ya kifuniko chake pana skrubu ndogo ya kupitishia hewa, ambayo hufungwa wakati wa kubeba ili petroli isimwagike na hutakiwa kufunguliwa wakati wa safari. Ikisahauliwa, mashine huwaka kwa adabu, huiondoa boti ufukweni mbele ya macho ya watu wote, kisha petroli inapotoka bila hewa kuingia nafasi yake, mvuto ndani ya tangi huyazuia mafuta na mashine hufa pale ambapo upondo haufiki chini. Kwenye mpira wa mafuta pia kuna pampu ya mkono, tufe lenye mshale unaopaswa kuelekea kwenye mashine, nalo hubinywa mpaka liwe gumu. Likibaki laini hata baada ya kubinywa sana, ama tangi ni tupu, ama mpira umepasuka na unavuta hewa. Petroli yenyewe ikishukiwa kuwa na maji, hutiwa kidogo kwenye chupa nyeupe na kuachwa itulie, kwa kuwa maji ni mazito na hukaa chini, yakionekana waziwazi hata kwa muuzaji wa petroli hiyo, ambaye hata hivyo ataapa kwamba ni mwanga tu.

Swali zito zaidi ni kwa nini hakuna anayeanza na mambo haya. Jibu ni heshima. Aliyefungua skrubu ya tangi hapati sifa yoyote, ilhali aliyeifungua kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kupitia vitundu vyembamba vinavyozibwa na petroli iliyolala, atatajwa diko zima mpaka magharibi, awe ameifunga tena au hakuifunga. Kwa hiyo kabureta hufunguliwa kwanza, hapohapo botini, kwa bisibisi ya kuazima isiyolingana na skrubu, na skrubu moja hudondoka kati ya mbao na kuingia ngamani, yaani sehemu ya chini ambako maji machafu hukusanyika. Waliosema penye wengi hapaharibiki neno bila shaka walisema kabla ya kabureta kufika pwani.

Plagi nayo ina desturi zake. Huchomolewa, hutazamwa juani kwa uzito mkubwa, husuguliwa kwa msasa, kisha hurudishwa kwenye waya wake na chuma chake kugusishwa kwenye bloku ya injini huku mtu mwingine akivuta kamba, ili ionekane kama inatoa cheche. Kipimo hiki ni sahihi, mradi kifanywe kwa koleo lenye mpini wa mpira na mbali na petroli iliyomwagika. Lakini kwa mazoea kazi ya kushika plagi hupewa baharia mdogo kuliko wote, na jibu hupatikana kabla hajasema neno. “Moto upo, nahodha!” hutangaza wengine, huku kijana akiutikisa mkono wake. Plagi ikitoka imelowa, mafuta yamezidi kwa sababu ya kuvuta mara nyingi choki, yaani kizibo cha hewa ya kabureta, ikiwa imefungwa, na dawa yake ni kufungua choki, kuikausha plagi na kungoja kidogo, ushauri ambao haujapata kufuatwa na mtu aliyekwisha kuvua shati.

Hatimaye mtoto aliyetumwa nyumbani kufuata sigara hurudi na klipu pia, huichomeka bila kuulizwa, na mvutaji anayefuata huiwasha mashine kwa mvuto mmoja na kukiri mbele ya wote kwamba siri yake ni namna ya kuvuta. Wakati anapongezwa ni vema mtu mmoja atazame kama maji ya kupoza yanachuruzika nyuma ya mashine, kwani yasipotoka, huenda pampu ya maji yenye mapezi ya mpira imekwisha, na mashine izimwe mara moja. Msomaji mwenye mashine ya namna hii anaombwa anunue klipu ya pili, aifunge ndani ya boti yenyewe, na asimwambie mtu, maana ikijulikana itaazimwa.