Serikali Ndiyo Iliyochoka Kwanza

Kila takwimu za Korona zilipopanda nchini Kenya, lawama ilikuwa na anwani moja: wananchi wamechoka. Wamechoka kuvaa barakoa, wamechoka kunawa, wamechoka kukaa nyumbani, na sasa tazama. Lawama hiyo ilitolewa kwa sauti ya mama anayewasuta watoto kwa kuacha uji bakulini, nasi tuliinamisha vichwa kwa sababu uji kweli tuliuacha. Sikatai kwamba tulichoka. Kufikia mwanzo wa 2021 barakoa nyingi zilikuwa zimehamia kidevuni, ambako zilikinga ndevu barabara. Ninachobishia ni zamu. Ukizipanga tarehe za kipindi kile moja baada ya nyingine, utaona kuwa mwananchi hakuwa wa kwanza kuchoka. Iliyotangulia ni serikali, na ilipochoka hakuna aliyeisuta.

Tuanze na utiifu, maana umesahaulika upesi. Kisa cha kwanza kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye shule zikaamriwa zifungwe, na ilipofika tarehe 27 mwezi huohuo tukawekewa kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Taifa linalochelewa harusini saa tatu nzima na kuomba chakula likifika lilijifunza kuwa mlangoni kwake kabla ya taarifa ya habari. Watu waliopeana mikono tangu utotoni wakaanza kusalimiana kwa viwiko, vilevile viwiko walivyoambiwa wakoholee ndani yake, na hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza swali. Mlangoni mwa kila duka kubwa alisimama mlinzi na kipimajoto chenye umbo la bastola, akiwalenga wateja kwenye paji la uso. Kilisoma nyuzi 33, joto ambalo hospitalini lingefanya jamaa wa mgonjwa waitwe haraka, naye mlinzi akasema sawa, pita, na marehemu akapita kununua unga. Faini ya kutovaa barakoa ilifika Ksh 20,000, ama kifungo cha hadi miezi sita, kwa hiyo barakoa zikaazimwa mlangoni mwa duka jinsi watu wanavyoazimana kalamu benki. Ilikuwa ni utiifu, ingawa ulikuwa utiifu wa sheria zaidi kuliko wa afya. Mahali pa ibada palipofunguliwa Julai, masharti yalikuwa waumini 100, ibada ya saa moja, na wenye umri wa chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wasalie nyumbani. Wahubiri ambao utangulizi wao peke yake humaliza saa moja walihubiri, wakakusanya sadaka na kufunga kwa wakati. Na pasipo mzaha: watu ambao kwao maiti husindikizwa na kijiji kizima walizika wazazi wao wakiwa 15 kando ya kaburi. Anayedai kwamba Wakenya hawakuwa na nidhamu aanze kwa kulieleza hilo.

Serikali nayo ilitoa chake. Tarehe 1 Aprili 2020 ushuru wa VAT ulishuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Kiwango cha juu cha kodi ya mishahara kilishushwa kutoka asilimia 30 hadi 25, na wanaopata hadi Ksh 24,000 kwa mwezi wakasamehewa kabisa. Tangu katikati ya Machi, ada za kutuma kwa simu pesa zisizozidi Ksh 1,000 zilikuwa zimeondolewa ili watu wapunguze kushikana na noti. Tafadhali iangalie vizuri hiyo ya mwisho, kwa sababu ni hatua ya kuzuia maambukizi kama ilivyo barakoa. Je, kuna aliyewahi kusikia kwamba wananchi wamechoka nayo? Hakuna chifu aliyezunguka na kipaza sauti akiwasihi watu waendelee kutuma mia tano bila kukatwa. Polisi hawakumfumania mtu kichochoroni akilipa ada kwa siri. Miezi tisa ilipita na ari ilikuwa ileile ya siku ya kwanza. Kwa hiyo hoja kwamba binadamu huchoshwa na sharti lolote likikaa siku nyingi haisimami. Huchoshwa na sharti linalomgharimu huku haoni linamsaidia nini.

Kisha ikaja tarehe 1 Januari 2021. Siku hiyo VAT ilirudi asilimia 16, kiwango cha juu cha kodi ya mishahara kikarudi asilimia 30, na ada za kutuma pesa zikarejea. Kafyu wakati huo ilianza saa nne usiku, maana yake ni kwamba ushuru ulirudi kazini saa sita usiku wa mwaka mpya, saa ambayo mwananchi hakuruhusiwa kuwa njiani. Huenda ndicho kitu pekee kilichosafiri usiku ule bila kusimamishwa kizuizini. Kafyu yenyewe haikuondolewa hadi tarehe 20 Oktoba 2021, Sikukuu ya Mashujaa. Kati ya siku Hazina iliporudi katika maisha ya kawaida na siku mwananchi aliporuhusiwa kurudi, ilipita zaidi ya miezi tisa. Katika miezi hiyohiyo ndipo tulipohubiriwa sana juu ya uchovu wetu.

Najua jibu litakalotolewa na watu wa hesabu. Serikali isiyokusanya kodi haiwezi kununua dawa wala kulipa wauguzi, na mapato yalikuwa yameporomoka. Nafuu ya muda ni ya muda. Jibu hilo lina uzito, na kwa haki ni lazima niongeze kwamba nafuu ya wanaopata hadi Ksh 24,000 haikuondolewa. Lakini sababu hiyohiyo ndiyo aliyokuwa nayo mama mboga. Mapato yake yaliporomoka, akaona hawezi kuendelea kufunga meza saa kumi na moja jioni wakati wateja wake ndio wanatoka kazini, akarudi barabarani. Hazina ikifanya hivyo inasemekana imerejesha mapato. Mama mboga akifanya hivyo amekuwa mkaidi na anahatarisha taifa. Na kuhusu dawa na wauguzi, kumbukumbu zetu bado ni nzima: Agosti 2020 Rais mwenyewe aliamuru uchunguzi wa ununuzi wa vifaa vya Korona katika shirika la kununua dawa la serikali ukamilike kwa siku 21, na Desemba mwaka huo wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma, vifaa vya kujikinga vikiwa miongoni mwa madai yao. Mtu aliyesoma habari hizo mbili kwa pamoja, kisha akaambiwa apandishe barakoa yake, ana ruhusa ya kuvuta pumzi kidogo kabla ya kutii.

Kafyu inastahili kusemwa peke yake, maana ndiyo iliyochosha kuliko yote. Ilianza saa moja jioni, ikasogezwa saa tatu, ikaenda saa tano, ikarudi saa nne, na mwishoni mwa Machi 2021 ikawa saa mbili kwa Nairobi na kaunti nyingine nne. Watu walifanya mzaha kwamba virusi vimenunua saa. Mzaha huo haukuwa wa haki kabisa: lengo lilikuwa kuzuia ulevi na mikusanyiko ya usiku, na hilo linaeleweka. Tatizo ni kwamba watu waliotakiwa kutawanyika walibanwa wote katika dirisha moja la saa mbili jioni, wakigombea magari machache yanayobeba abiria wachache. Siku ya kwanza kabisa, kivukoni Likoni, umati uliokimbilia feri kabla ya saa moja ulitawanywa kwa marungu na vitoa machozi. Ugonjwa wa mapafu ukakabiliwa kwa moshi unaowakohoza mamia kwa wakati mmoja, kila mmoja akitafuta kiwiko. Mwaka mmoja baadaye, usiku mmoja wa Aprili 2021, polisi waliifunga barabara kuu ya Thika saa mbili ilipogonga, wakawashikilia wenye magari kwa saa kadhaa, wahudumu wa afya wakiwemo, mradi tu wasiwe nje. Walikuwa nje, bila shaka, tena kwa maelfu. Na kuna mambo ambayo ucheshi hauyafikii: siku tatu baada ya kafyu kuanza, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi Kiamaiko, Nairobi, akiwa kwenye roshani ya kwao. Alikuwa nyumbani, kama alivyoagizwa.

Hapo najua nitakumbushwa baa. Na watu wa soseji je? Ni kweli, watu wa soseji walikuwepo. Pombe iliporuhusiwa katika mikahawa kwa sharti la kuandamana na chakula, palizuka soseji za ajabu, zinazoagizwa saa nane mchana na kuwa bado nzima jioni, zimezungukwa na chupa kama Rais na walinzi wake. Mwisho wa Julai 2020 pombe ikapigwa marufuku mikahawani. Siwatetei. Ila hata huko kwenye soseji wakubwa walifika mapema. Mwezi huohuo wa Julai seneta aliyekuwa mwenyekiti wa kamati maalumu ya Seneti kuhusu Covid-19 alikamatwa kwenye baa saa za kafyu. Alikiri kosa mahakamani, akatozwa faini ya Ksh 15,000 na kujiuzulu uenyekiti, jambo ambalo angalau ni la kiungwana. Novemba mikutano ya siasa ilipigwa marufuku kwa siku 60, na mwaka mpya ulipoingia viongozi wa kila upande walikuwa juu ya magari wakihutubia umati kuhusu katiba na vyeo. Hili si la Kenya peke yake. Uingereza, Machi 2020, wakuu walihofu kwamba wakiwafungia raia mapema watachoka upesi, hadi wataalamu wa tabia za binadamu zaidi ya 600 wakaandika barua ya wazi wakidai ushahidi wa dai hilo. Aprili 2022 polisi walimtoza faini Waziri Mkuu Boris Johnson kwa kuhudhuria tafrija ya siku yake ya kuzaliwa iliyofanyika ofisini Juni 2020, wakati mikusanyiko ya ndani imekatazwa. Raia wengi wa kawaida walikuwa bado wamejifungia.

Mtu makini atanitupia Uganda. Huko shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili, na baa zikasubiri hadi mwisho wa mwezi huo. Hiyo ni serikali iliyochoka? Hapana, haikuchoka kuzuia. Kuzuia hakumchoshi anayezuia. Kinachomchosha ni kutoa, na mzazi wa Uganda aliyelea watoto sita nyumbani miaka miwili bila shule hakupewa kitu kinacholingana na mzigo huo. Tanzania nayo iliacha kutoa takwimu mapema 2020, ikafungua vyuo na shule katikati ya mwaka, na hivyo haikupata nafasi ya kuwasuta wananchi kwa kuchoka. Haikuwa dawa. Wafu walizikwa bila kuhesabiwa, na hakuna wa kumwonea wivu hapo.

Sisemi, basi, kwamba masharti yote yalikuwa upuuzi. Kenya ilirekodi rasmi vifo zaidi ya 5,600, na barakoa iliyovaliwa puani ilifanya kazi yake bila kujali nani anamiliki Hazina. Ninasema uchovu wa watu ulikuwa na hesabu ndani yake, na hesabu hiyo ilisomeka vizuri kwenye matatu kuliko mahali pengine popote. Gari la viti 14 liliamriwa kubeba abiria 8. Nauli ikapandishwa ili kila abiria amlipie na yule asiyekuwepo, na abiria alikubali, kwa sababu kiti kitupu kando yake kilikuwa kinga anayoiona kwa macho. Kisha jioni, hasa penye foleni ndefu, makanga akaanza kujaza viti, na nauli ikabaki ya viti vitupu. Abiria sasa analipia umbali ambao hapewi, amebanwa kati ya magunia mawili ya viazi na mtu anayekohoa, na mbele yake bango linamsihi asichoke. Ruhusa rasmi ya kujaza magari ilipotoka tarehe 9 Agosti 2021, watu walishangaa kusikia kwamba hadi jana yake ilikuwa kosa. Abiria huyo aliteremsha barakoa yake apate pumzi ya kubishana na makanga kuhusu chenji. Tukimwita mzembe, tutafute na jina la makanga, la mwenye gari na la askari aliyelipungia mkono gari lile likipita.

Sharti la barakoa hadharani liliondolewa tarehe 11 Machi 2022, na wengi wetu tulilipokea tangazo hilo tukiwa tumeshalitii miezi mingi kabla ya kutolewa. Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilikuwa imezishauri serikali tangu 2020 kwamba uchovu wa namna hii ni jambo la kutarajiwa, na kwamba dawa yake ni kuwasikiliza watu na kuwatendea haki. Magonjwa ya mlipuko yatakuja tena, na kamati itaketi tena, na mtu mwenye suti atasimama mbele ya vipaza sauti kutangaza saa ya kuingia ndani. Msomaji, ukiisikia saa hiyo, usiibishie. Uliza kwanza nafuu ya kodi inaisha tarehe ngapi, uandike ukutani, ndipo ufunge mlango.