Mhadhara wa Bure Kuhusu Vikorombwezo vya Kamera, Uwanjani Malinya

Waheshimiwa, wazee wa Idakho, vijana wa bodaboda mliotoka Sigalagala, nawe mgeni mwenye begi kubwa: itifaki imezingatiwa. Mbele yenu amesimama Bingwa, Mshauri na Mlezi wa Taaluma ya Picha Magharibi yote ya Kenya, cheo nilichojitunuku mwenyewe kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyefikia kiwango cha kunitunuku.

Mada yetu: kununua vikorombwezo vya kamera kwa safari huku mfuko umekauka.

Wahenga walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Malinya ikaona basi wapewe uwanja wapigane, asubuhi na mapema, isukuti ikirindima. Ngoma hiyo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Kamera yako haimo katika orodha hiyo, ilinde mwenyewe.

Kwanza, stendi ya miguu mitatu. Usinunue! Stendi hutuliza kamera, haitulizi fahali. Utapata picha ya uwanja uliotulia tuli na ng'ombe wawili wa ukungu. Tena fahali aliyeshindwa hutimka popote penye upenyo, na upenyo wenyewe ndipo uliposimama. Hapo una miguu miwili ya kukimbia na mitatu ya kukunja. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, uombe bolti ya robo inchi, kwani tundu lililo chini ya kamera nyingi ni la kipimo hicho. Ukipewa ya milimita 6, irudishe. Itakula meno ya tundu. Funga kamba kwenye bolti, ikanyage ncha, vuta kamera juu hadi kamba ikaze. Mikono imetulia. Ukisikia mayowe, inua mguu, kisha inua na wa pili.

Pili, flashi. Kummulika machoni fahali aliyekwisha kasirika si upigaji picha, ni kuandika wosia.

Tatu, betri ya akiba na kadi. Hapa ndipo pesa ziende. Nunua kadi mbili za GB 32 badala ya moja kubwa, ili moja ikifa usizike safari nzima. Na kwa kuwa za bandia hujitangazia ukubwa zisizo nao, ijaze kadi nyumbani hadi pomoni, kisha ufungue faili la mwisho. Lisipofunguka, umenunua kibandiko.

Nne, mvua, ambayo Kakamega haiombi ruhusa. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku Agosti 28, 2017, kwa hiyo usije ukakamatwa ukiokoa lenzi. Kofia ya kuogea inatosha kabisa. Ndani ya begi tia vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya; hunyonya unyevu. Mchele waachie wapishi, vumbi lake ni adui wa lenzi.

Maswali? Naam, kijana. Unauliza mimi natumia kamera gani? Swali la kitoto! Mada ni vikorombwezo. Bolti ninayo, kamba ninayo, kofia ya kuogea ninayo, kadi ninazo mbili. Kamera ni suala la bajeti, na bajeti, kama mlivyofundishwa leo, ni finyu. Sasa pisheni, fahali anakuja upande huu.