Daktari Asiyejua Kushusha Abiria

Ukitaka kuniharibia Jumamosi, niambie kwamba shujaa wa tamthilia ya runinga ya Doctor Who ni Daktari. Mpwa wangu huniambia hivyo makusudi, kisha huongeza sauti ya runinga kabla sijajibu. Ukutani kwake amebandika picha za Madaktari wote, kuanzia yule mzee wa 1963 mpaka Ncuti Gatwa, kijana aliyezaliwa Kigali akakulia Uskochi. Wasafiri wenza, wale binadamu wanaozunguka na Daktari kwenye kile kibanda cha bluu cha kusafiria katika wakati, hawana hata kapicha kadogo. Nikauliza kwa nini. "Mjomba, hao wanabadilika kila mara."

Wanabadilika wao! Anayebadilishwa sura, sauti, urefu na koti tangu 1966, afya ya William Hartnell ilipodorora na Patrick Troughton akapewa nafasi, ni nani kama si huyo Daktari wake?

Basi tuseme ukweli. Jioni ile ya tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa, BBC waliporusha kipindi cha kwanza kabisa, Daktari hakuonekana mapema. Walioonekana ni walimu wawili wa shule moja ya London, Barbara Wright wa historia na Ian Chesterton wa sayansi, wakisumbuliwa na mwanafunzi wao Susan, binti anayejua sayansi kuliko mwalimu wake lakini hajui shilingi ngapi zinatimiza pauni moja. Jioni wanamfuata nyumbani. Nani mwingine duniani, kazi imeisha, tumbo tupu, angekwenda kuchungulia anakolala mtoto wa watu kwa sababu tu daftari lake halieleweki? Mwalimu. Wanakuta uwanja wa vyuma chakavu, kibanda cha polisi ambacho ndani ni kikubwa kuliko nje, na babu mkali asiyetaka wageni. Babu anafunga mlango na kuwapeleka Enzi ya Mawe bila kuwauliza. Kwetu hilo lina kifungu chake cha sheria.

Huko Enzi ya Mawe ndiko hoja yangu iliko. Wanakimbia kuokoa roho zao, mtu mmoja wa mapangoni amejeruhiwa vibaya, na walimu wanakataa kumwacha. Daktari anaona anacheleweshwa. Anaokota jiwe lenye ncha. Ian anamdaka mkono, anamuuliza anataka kufanya nini, na mzee mzima anajikanyaga eti alitaka majeruhi amchoree njia ya kurudi! Kwa jiwe! Kwa hiyo mnaposifia huruma ya Daktari, jinsi anavyolinda wanyonge wa sayari hii na ile, mjue alifundishwa na walimu wawili wa sekondari, tena bila posho ya mazingira magumu.

Na wale walimu walirudije kwao? Si kwa Daktari. Walichukua chombo cha Dalek, adui zao, wakajirusha wenyewe mpaka London ya mwaka 1965. Miaka miwili imekatika. Sijui mwajiri wao aliandikiwa barua gani.

Hapa ndipo damu inaponichemka. Daktari huyu ana chombo cha kwenda popote na wakati wowote, na kushusha abiria hawezi. Ni kama konda wa daladala anayekwambia kituo chako ndicho hiki, unaruka, gari linaondoka, unagundua uko Mbagala na wewe ulilipia Mwenge. Chukua Tegan Jovanka, msichana wa Australia aliyekuwa njiani kuanza kazi ya uhudumu wa ndege mwaka 1981, akaingia kibandani kuomba msaada wa tairi lililopasuka. Alichotaka baada ya hapo ni kitu kimoja, uwanja wa Heathrow. Wakaufikia, kweli. Uwanja wenyewe ulikuwa bado pori, kwa sababu walikuwa mwaka 1666, na kabla hawajaondoka London ikawa inateketea kwa moto. Mashabiki wengi walimwona Tegan mlalamishi. Mlalamishi! Shangazi yake ameuawa, kazi inamponyoka, mnataka aimbe?

Au Sarah Jane Smith, mwandishi wa habari, aliyependwa kuliko karibu wote. Mwaka 1976 Daktari akaitwa kwao, binadamu hawaruhusiwi huko, akamshusha haraka haraka mtaani kwake Croydon, kusini mwa London. Tuliaga, machozi yakatoka. Ikapita miaka thelathini, Sarah Jane akarudi kwenye tamthilia akiwa mtu mzima, na katikati ya mazungumzo ndipo likamtoka lile dukuduku. Pale alipomwacha hapakuwa Croydon. Palikuwa Aberdeen, Uskochi, zaidi ya kilomita 600 kutoka nyumbani, na mikononi ana mizigo yake. Mwanamke aliyeishi na donge hilo miaka yote na bado akamkumbatia ndiye ninayetaka kumtazama. Daktari na makoti yake sina haja naye.

Mama watoto ananiambia napenda kulalamika kwa niaba ya watu wasiokuwepo. Sawa. Lakini ye mwenyewe, siku tulipomwona Jackie Tyler, aliweka sufuria chini.

Tamthilia ilikuwa imekufa tangu 1989, ukiacha filamu moja ya 1996. Russell T Davies alipoifufua mwaka 2005, kipindi cha kwanza hakukiita jina la Daktari. Alikiita Rose, jina la msichana muuza duka anayeamshwa na saa ya kengele, anayeishi na mama yake, Jackie, kwenye fleti za serikali na ana mchumba wa kawaida aitwaye Mickey. Yaani ana watu. Ndiyo siri yenyewe. Daktari hana kodi ya nyumba, hana mama anayempigia simu, akifa anaota sura nyingine. Hatari haimpati sawasawa. Ila ukimweka pembeni yake mtu mwenye mama, kila mlango unaofunguliwa una gharama. Rose anarudishwa nyumbani akiahidiwa kwamba ametoweka saa 12 tu. Kumbe ni miezi 12. Mama alishabandika picha za mtoto aliyepotea mtaa mzima, na polisi walishamhoji Mickey wakimshuku ameua. Daktari anasimama sebuleni na maelezo yake ya kitaalamu. Jackie anamzaba kibao.

Kibao kile nilikuwa nakidai tangu 1963, na mwaka huo sikuwa hata nimezaliwa.

Watunzi walijifunza? Mwaka 2010 wakamleta mtoto wa miaka saba, Amy, akaambiwa asubiri dakika tano. Akafungasha kasanduku kake, akakaa bustanini. Daktari alirudi baada ya miaka 12. Akaenda tena kidogo tu, ikawa miaka miwili mingine. Dakika tano za huyu mtu hata fundi wa makochi angeona aibu kuziahidi.

Nisiwatetee wote, maana nitaonekana sina macho. Adric, yule mvulana wa hesabu, alikuwa na maudhi. Ila alipokufa mwaka 1982 na majina ya mwisho yakapita bila muziki, waliomchoka nao walinyamaza. Na Clara Oswald watunzi walimharibu wenyewe. Badala ya kuwa mtu, akafanywa fumbo, mara amezaliwa huku, mara amefia kule. Mwenza akishakuwa fumbo, nani abaki kushangaa kwa niaba yetu? Ndiyo maana nilifurahi mwaka 2024 ilipobainika kwamba mama wa Ruby Sunday, aliyetafutwa msimu mzima kama siri ya ulimwengu, alikuwa binti wa kawaida aliyezaa akiwa na miaka 15. Mpwa wangu alisema wametapeliwa. Mimi niliomba chai.

Kwangu mimi kiti cha mbele ni cha Donna Noble, karani wa muda kutoka Chiswick. Hampendi Daktari kimapenzi, hamwogopi, na sauti anayo. Wako Pompeii, mlima umelipuka, sheria za wakati zinasema mji lazima ufe, Daktari anaondoka na uso mgumu. Donna analia, anamwomba amwokoe hata mtu mmoja. Si mji, mtu. Ndipo Daktari anarudi na kuitoa familia moja kwenye majivu. Baba wa familia hiyo aliigizwa na Peter Capaldi, ambaye miaka kadhaa baadaye akawa Daktari, na watunzi wakaeleza kwamba sura ile aliichagua ili asisahau siku hiyo. Hata kumbukumbu ya wema ikabidi ihifadhiwe na karani. Shukrani yake? Mwisho wa msimu Donna alifutwa kumbukumbu zote za Daktari, huku anakataa, ikadaiwa ni kuokoa maisha yake. Alirudishiwa mwaka 2023. Riba hakupewa.

Katika wote hao mwenye akili ya kutosha nilimwona mmoja tu, Martha Jones, mwanafunzi wa udaktari, wa udaktari halisi. Alimpenda yule mtu aliyekuwa akitajataja Rose kila saa. Alisugua sakafu za shule ya wavulana mwaka 1913 akivumilia kejeli za rangi yake, ili Daktari ajifiche salama kama mwalimu. Alitembea dunia nzima kwa miguu mwaka mmoja kumwokoa. Kisha mwaka 2007 akasimama mlangoni, akamweleza kinagaubaga kwamba ana familia ya kuuguza na haketi kungoja mtu asiyemwona. Hakuachwa Aberdeen. Alishuka mwenyewe, kwa miguu yake, nyumbani kwao. Simu yake ya mkononi akamwachia Daktari, pamoja na onyo kwamba ikilia, aje mbio.

Msimu uliofuata akaipiga. Na safari hiyo, nasema kwa shingo upande, yule mtu alifika alipoitwa.