Anasubiri Mzuka

Mtahiniwa wetu wa CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, amekamilika: ratiba ya rangi nne ukutani, video za motisha, hata kikombe kilichoandikwa "Mhandisi wa Mitandao". Kilichobaki ni kusoma tu. Akifika kwenye kugawa anwani za IP, pale ambapo /26 ina anwani 64 lakini vifaa vinapewa 62, ghafla anakumbuka mapazia hayajafuliwa. Anasubiri mzuka, anasema. Mtihani ni dakika 120, na cheti chenyewe huisha baada ya miaka 3. Mzuka wake pengine utakuja kukihuisha. Kwenye kundi la WhatsApp, hata hivyo, ndiye kocha: kila alfajiri anawahimiza wenzake nidhamu. Wawili wameshafaulu. Amewapongeza kwa ujumbe wa sauti wa dakika tano.