Tundu la Nane

Kwetu Tabata ukisema "swichi" kila mtu anatazama ukutani. Hilo nalijua tangu utotoni, ila siku ile kichwa kilikuwa kimejaa kelele za watu watatu na televisheni moja, nikalisahau. Nikaingia duka la vifaa vya umeme karibu na kituo cha daladala, nikaomba swichi ya tundu tano.

"Ya taa?" akauliza muuzaji.

"Hapana. Ya intaneti."

Akaenda nyuma, akakaa huko kwa muda, akarudi na ekstensheni ya tundu tano. "Hii hapa. Chomeka intaneti yako, chomeka na pasi, haina neno." Nikajaribu kumweleza. Akarudi tena nyuma, safari hii akaja na swichi ya taa yenye vibonye vinne, akanishauri nichukue na nyingine ya kibonye kimoja, jumla tano. Kwa aibu nikanunua ekstensheni. Ni nzuri, tunaitumia mpaka leo kwa pasi.

Kilichonitoa nyumbani ni vita ya saa mbili usiku. Hiyo ndiyo saa ambayo nyumba nzima hukumbuka kwamba ina intaneti. Mimi nafasiri nyaraka za watu na kulipwa kwa ukurasa. Mke wangu anauza vitenge mubashara, anakunja na kukunjua mbele ya simu. Binti anasoma chuo kwa njia ya mtandao. Kitinda mimba anapigana gemu na watu wa mabara ambayo kwenye ramani hawezi kuyaonyesha. Televisheni nayo inaburuta tamthilia ya Kituruki hata pasipo mtu sebuleni. Yote hayo kwa waifai, na nyumba aliijenga marehemu baba, mtu ambaye kwake ukuta usio na zege ni pazia. Ruta iko sebuleni. Waifai ikifika chumba cha nyuma inakuwa hoi kama abiria aliyesimama kutoka Mbagala hadi Mwenge.

Fundi akasema dawa ni kuvuta waya na kuweka swichi. Akanifafanulia kwa lugha niliyoielewa. Zamani palikuwa na kifaa kinaitwa habu, kilichofanya kazi kama gari la matangazo: ujumbe wa mmoja kinawatangazia wote, mhusika asikie, asiyehusika azibe masikio. Swichi ni balozi wa nyumba kumi. Kila kifaa kina namba yake ambayo kilitoka nayo kiwandani. Swichi inaangalia namba ipi imetokea tundu lipi, inaikariri, na ujumbe ukija inaupeleka mlangoni kwa mwenyewe. Ikiletewa ujumbe wa mtu isiyemjua, hapo ndipo inapopiga hodi nyumba zote kumwulizia. Hii tabia ya kupiga hodi nyumba zote iweke akilini, itaniponza mbele.

Basi nikaenda Kariakoo. Mtaa wa Aggrey nikampata kijana wa duka ambaye hakuinua macho kwenye simu yake.

"Mzee, unataka ya mia au ya elfu?"

Nikafurahi. Miaka yote niliyoishi mjini hapa sijawahi kupewa bei ya namna hiyo. "Kama ni elfu," nikasema, "nifungie tatu."

Ndipo akaniangalia. "Mzee, elfu ni mwendo. Bei ni hamsini na tano."

"Hamsini na tano nini?"

"Elfu."

"Si umesema elfu ni mwendo?"

Tulielewana baada ya soda. Mia ni megabiti 100 kwa sekunde, elfu ni 1,000. Nikachukua ya elfu, kwa majivuno tu. Jambo ambalo kijana hakunieleza, na mimi sikumwuliza, ni kwamba faiba inayoingia kwangu ni ya megabiti 20, na swichi ya mia ingeibeba huku inapiga mluzi. Swichi haiongezi intaneti hata tone, inagawa iliyopo. Mwendo wa elfu unamfaa yule ambaye vifaa vyake vya ndani vinapelekeana mizigo mizito vyenyewe kwa vyenyewe. Kwetu mzigo mzito tuliokuwa tunapelekeana ndani ya nyumba ni lawama.

"Ya kumeneji au ya kawaida?" akauliza tena.

"Kijana, mimi kwangu simeneji hata rimoti."

Akacheka, akanipa ya kawaida. Laiti ningejua.

Hesabu ya matundu nilikuwa nimeifanya kwa makini, kwenye karatasi: televisheni, gemu ya kitinda mimba, kompyuta ya binti, kompyuta yangu, kisanduku cha kamera za getini. Vitu vitano, tundu tano. Fundi akaivunja hesabu hiyo kwa swali moja: "Na ruta yenyewe utaichomeka wapi, mzee?"

Nikarudi Kariakoo. Ukutani pale dukani pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na kijana alinionyesha maandishi kwa kidevu, bila kusema neno. Nikatoa pesa nyingine, nikanunua ya tundu nane. Fundi ndiye aliyenipa kanuni, na ningeifuata tangu mwanzo ningekuwa na pesa za sikukuu: hesabu vitu vyako, ongeza tundu moja la ruta, kisha ongeza na la mgeni.

Waya ulitugharimu wikiendi nzima. Boksi la kwanza nililipata kwa bei ya kutupa. Fundi akaukwangua uzi mmoja kwa kisu, chini ya wekundu wa shaba pakatokea weupe. Aluminiamu iliyopakwa shaba. Akanirudishia mkononi kama mtu anavyorudisha noti bandia. Boksi la pili lilikuwa shaba kweli. Akapanda darini na tochi mdomoni, anabana vichwa huku akiimba rangi kama mtoto wa chekechea: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Nyuzi nane, jozi nne. Mwendo wa elfu unazitaka jozi zote nne, wa mia unaridhika na mbili, kwa hiyo uzi mmoja ukikaa vibaya swichi inaweza kushuka kimyakimya na usijue. Waya wa binti ulishuka hivyo. Fundi akakata kichwa, akabana upya, akashuka darini na buibui sikioni.

Hesabu ya mwisho ikawa hivi: tundu la kwanza ruta, la pili hadi la sita wale watano, la saba waya mfupi wa laptopu nikikaa sebuleni, ambao ukiwa hauna kazi unaning'inia ubavuni mwa kabati la televisheni. La nane tupu. La mgeni.

Tukaishi kwa amani siku kumi na nne. Kisha akaja mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Tanga, alikuja kwa ajili ya kliniki ya macho, na kwa kweli macho yale sikuyaona yana ugonjwa gani, maana hakuna vumbi lililompita. Yeye mgeni hakai siku mbili bila kushika ufagio. Dada wa kazi alijaribu kumzuia, akapewa kazi ya kukunja mashuka upya. Mimi namheshimu mno. Akiingia sebuleni nakaa sawasawa, na sijawahi kula mbele yake nikashiba.

Jumamosi, saa mbili usiku, intaneti ikafa. Ilikufa yote, kwa waya na kwa waifai. Kitinda mimba akatoka chumbani kama mtu aliyefiwa. Mke wangu alikuwa ameshikilia kitenge juu, watazamaji wameganda. Nikaenda kwenye swichi: taa zake zote zinapepesa kwa pamoja, kwa kasi, kama taa za ukumbi wa harusi wakati bwana harusi anaingia.

Nikapiga simu kwa wenye faiba. Sauti ya upole ikaniambia nizime ruta, nisubiri sekunde 30, niwashe. Nikafanya hivyo mara tano; ruta ikawa inazimika kwa mazoea. Nikapanda darini kutafuta mjusi aliyekauka kwenye waya. Nikampata mjusi, mzima, ananishangaa. Jirani alipita akasema labda kuna mtu katupa jicho.

Saa nne nikampigia fundi. "Chomoa waya zote," akasema, "rudisha mmoja mmoja, uangalie taa."

Wa kwanza, salama. Wa pili, salama. Mpaka wa saba, salama, taa zinapepesa kwa adabu, kila moja kwa wakati wake. Nikachomeka wa nane. Harusi ikaanza tena.

Nikachomoa. Nikakaa chini. Wa nane? Mimi sina wa nane.

Nikaushika ule waya nikaufuata kwa kidole. Ulitoka tundu la nane, ukapita nyuma ya televisheni, ukajikunja mara mbili kwa unadhifu, ukarudi ukaingia tundu la saba. Pale kwenye mkunjo ulikuwa umefungwa kifundo kwa kipande cha upindo wa khanga.

Fundi alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akanieleza: ujumbe wa kumwulizia mtu unatoka tundu moja, unarudia lingine, swichi inadhani ni mpya, inapiga hodi nyumba zote upya, unarudi tena, na ujumbe wa namna hii hauhesabiwi safari wala hauchoki. Kumbe tatizo lina wenyewe. Mwaka 1985 huko Marekani mama mmoja, Radia Perlman, alibuni namna ya swichi kuligundua duara kama hilo na kuifunga njia moja, na akaitungia na shairi. Swichi za kumeneji kwa kawaida zina ubunifu huo. Yangu ilikuwa na tundu la mgeni tu.

Sasa mwambie mkwe. Mezani akaniuliza mwenyewe, "Baba, mmeshajua kilichokuwa kinasumbua?"

"Tumejua, mama. Hitilafu."

"Ya huko kwenye nguzo?"

"Ya hapa hapa karibu."

Mke wangu akainamia sinia, mabega yanamtetemeka. Mama akaendelea kuchambua samaki. "Hivi vitu vinataka mpangilio. Juzi nimekuta waya unaning'inia kama utumbo wa kuku, nikaurudisha mahali pake."

"Ahsante, mama."

Nikauchomoa usiku. Asubuhi nikaukuta umerudi, na kifundo kipya. Nikauchomoa tena, ukarudi tena kabla ya magharibi. Kuuficha kabatini nikaogopa: angemwuliza dada wa kazi nani kaiba. Kununua swichi ya tatu kwa ajili ya kifundo cha khanga, mke wangu alisema nikifanya hivyo nayo ndiyo itanipikia.

Fundi ndiye aliyetuokoa, kwa shilingi elfu tano. Akaniletea waya wa urefu uleule na rangi ileile, ambao kichwa kimoja amekibana bila uzi hata mmoja ndani: plastiki tupu. Ule mzima nikauhamishia chumbani. Huu nikauchomeka mwenyewe tundu la saba na la nane, nikaukunja mara mbili, nikaufunga kwa upindo. Mama alipopita akautazama, akaugusa kidogo, akaniambia, "Umeona sasa."

Alirudi Tanga mwezi uliofuata, macho mazuri. Anapiga simu kila Ijumaa. Anauliza watoto, anauliza kazi, anauliza mvua.

"Na ule waya, baba, haujachomoka tena?"

"Upo palepale, mama."