Vipimo vya Mtu Asiyekuwepo

Nguo ya kushona huanza na futikamba, na balaa lake huanzia hapo hapo. Utepe ule wa inchi 60 una uwezo wa kumgeuza mwanamke papo kwa papo. Muda mfupi kabla yake alikuwa mlangoni kwa fundi akivutana naye bei, mabega yamelegea na tumbo liko lilipo. Utepe ukigusa kiuno tu, pumzi inavutwa, tumbo linaingia ndani, kifua kinatangulia na shingo inarefuka. Fundi anaandika daftarini: kiuno 31. Kipimo ni sahihi, ila ni cha mtu ambaye maisha yake ni sekunde tano. Atakayekuja kulivaa gauni hilo ni mwingine kabisa, anayepumua, anayecheka na anayekula pilau la harusi.

Kuna na wale wanaosema waziwazi, "Fundi, bana kidogo hapo, nitapungua." Mwezi unapita, gauni limeshonwa, na mwili haujapewa taarifa yoyote. Mafundi wa siku nyingi wanaijua ahadi hiyo. Huitikia "sawa dada" kwa heshima zote, kisha huacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono bila kumwambia mtu. Fundi wa aina hiyo ni wa kung'ang'aniwa hata kama huchelewesha kazi.

Vipimo vyenyewe si vingi. Kifua hupimwa kinapojaa zaidi, utepe ukiwa umelala sawa mbele na nyuma. Kiuno ni pale mwili unapokunjika mtu akiinama upande, na mara nyingi si pale anapofungia sketi. Hips hupimwa makalio yanapojaa, kwa wengi kama inchi 8 chini ya kiuno. Mabega, mikono na urefu wa gauni hufuata. Kinachosahaulika sana ni unene wa mkono karibu na kwapa, na matokeo yake huonekana ukumbini: mama amependeza kuanzia kilemba hadi viatu, ila hawezi kunyanyua soda. Kingine ni urefu wa mbele, kutoka begani kupita juu ya matiti hadi kiunoni. Mwenye kifua kikubwa akipimwa mgongo peke yake, gauni litapanda mbele na kushuka nyuma, naye atashinda akilivuta kwa siri mpaka jioni.

Sidiria nayo ina kesi yake. Anayepimwa na sidiria iliyochoka, kisha siku ya shughuli akavaa mpya yenye sponji, huwa amehamisha kifua bila kumwarifu fundi. Ile mikunjo iliyoshonwa ubavuni ili kitambaa kifuate umbo la titi hubaki ikielekeza mahali ambapo hakuna mtu tena. Sidiria ya siku ile ndiyo ya kupimiwa, na viatu vya siku ile ndivyo vya kupimia urefu. Gauni la kuburuza lililopimwa mtu akiwa na kandambili, likivaliwa na kisigino cha inchi 4, halitaburuza tena. Litaning'inia juu ya vifundo vya miguu, na wageni watadhani mvua ilitabiriwa.

Vipimo vikishapatikana, huongezwa nafasi ya kupumua. Kitenge, satini na kadeti hazivutiki, hivyo fundi huongeza kama inchi 2 hadi 3 kwenye kifua na mbili hivi kwenye hips, juu ya kipimo cha mwili. Wateja wengi huiita nafasi hiyo kupwaya na kudai iondolewe. Wanasahau kwamba hips za kukaa ni pana kuliko za kusimama. Tatizo ni kwamba kibanda cha fundi kina kioo na hakina kiti cha mteja, kwa hiyo karibu kila gauni hufaulu pale dukani. Mtihani wenyewe uko kwenye daladala: ngazi ya kwanza iko juu, bomba la kushikilia liko juu zaidi, na kondakta anahimiza watu wapande haraka. Sketi ya penseli isiyo na mpasuo humlazimisha mwenyewe apande kwa kujitupa, miguu yote miwili pamoja. Mshono ukiachia mle ndani husikika hata redio ikiwa juu. Kinachofuata ni mtandio kushushwa kutoka kichwani na kufungwa kiunoni kwa utulivu mkubwa, kana kwamba ndiyo ilikuwa mipango tangu asubuhi. Kwenye bodaboda mambo ni mabaya zaidi, na ni afadhali yasielezwe.

Kisha kuna picha. Mteja anafungua simu na kuonyesha gauni la dada mmoja mrefu, aliyesimama mkono kiunoni. Picha haionyeshi vibanio vilivyokusanya kitambaa mgongoni ili kishike mwili, wala haisemi kama dada huyo aliwahi kukaa tangu alipovaa. Fundi anaitazama mara moja na kusema, "Hiyo rahisi." Neno hilo liogopwe. Gauni la pichani huenda ni la satini nzito yenye bitana, na kitambaa kilichomo kwenye mfuko wa mteja ni kitenge cha yadi 4. Mshono wa samaki, kwa mfano, hubana hadi karibu na goti ndipo ufunguke. Mfupi akikatiwa kwa kufuata urefu wa yule wa pichani, sehemu ya kubana humfika kwenye shavu la mguu, na kutoka mezani hadi kwenye keki inakuwa safari. Mfupi akatiwe pafunguke juu kidogo ya goti lake mwenyewe. Hilo tu, na samaki anatembea.

Ushauri mwingine wa mitaani hauna uzito unaopewa. Kila mnene ameshaonywa kuhusu mistari ya kulala kwamba itamnenepesha. Mwanasayansi wa Ujerumani Hermann von Helmholtz alieleza katika karne ya 19 kwamba mraba uliojazwa mistari ya kulala huonekana mrefu kwenda juu kuliko mraba wa mistari ya kusimama, na watafiti waliopima jambo hilo kwa michoro ya miili ya wanawake mwaka 2011 hawakuona kwamba mistari ya kulala inanenepesha. Kinachomharibia mtu umbo ni mabega ya nguo yanayoning'inia nje ya mabega yake. Begani pakikaa sawa, kosa la mahali pengine husameheka kwa urahisi. Pakikaa vibaya, hata kitambaa cha bei kubwa huonekana cha kuazima.

Kitambaa chenyewe kina vituko. Viwanda vya vitenge, kuanzia cha Vlisco kilichoanzishwa Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, hadi vya China vinavyojaza maduka ya Kariakoo leo, huchapa michoro mikubwa bila kujua itakaa wapi mwilini. Kazi hiyo ni ya fundi, na fundi mwenye haraka hukata tu. Ndege wa upande wa kulia wanapaa, wa kushoto wanaanguka vichwa chini. Feni kubwa ya mviringo, iliyovutia sana ikiwa dukani, inakutwa imekaa sawasawa kwenye kalio moja, na lile jingine halina umeme. Mwanamke anayenunua kitenge cha maua makubwa anunue yadi moja zaidi kwa ajili ya kulinganisha, na amwambie fundi kabla ya mkasi, maana baada ya mkasi ni malalamiko tu. Pamba pia hurudi ikifuliwa. Kitenge kilowekwe na kupigwa pasi kwanza. La sivyo, gauni lililokuwa likimtosha mama siku ya Idi litamtosha binti yake baada ya kufuliwa.

Kanga ina hatari yake ya pekee, kwa sababu inasema. Jina la kanga limepangwa lisomwe kitambaa kikiwa kizima, chini ya mji na juu ya pindo. Ikikatwa kushonwa gauni, maneno huangukia popote. "Mgeni njoo, mwenyeji apone" ni maneno ya ukarimu, lakini mkasi ukipita katikati, "mwenyeji apone" ikazama kwenye mshono wa ubavu na "Mgeni njoo" ikabaki peke yake mahali pa kukalia, ujumbe unakuwa mwingine. Aliyevaa hana habari. Foleni nzima ya benki nyuma yake inayo.

Makosa yote haya hukutana kwenye sare za sherehe. Kamati ya sherehe huchagua kitenge kimoja na mshono mmoja, kisha kila mwanamke hupewa yadi zile zile 4, mwembamba na mnene. Mwembamba anabakiwa na cha kilemba na pochi. Mnene anaongezewa vipande vyeusi ubavuni na kuambiwa ndiyo fasheni. Nguo zote thelathini ziko kwa fundi mmoja ambaye, tangu Jumatatu, amebakiza vifungo tu. Shangazi mwenye moyo mgumu akienda kuhakikisha, anakuta kitambaa kingali kwenye mfuko wa dukani, na fundo ni lile lile alilolifunga mwenyewe. Matokeo yake nguo zinachukuliwa saa kumi jioni ya siku ya sendofu, zinajaribiwa kwenye gari, na mtu anatumwa kutafuta pini.

Wanaokimbilia mitumba kwa kuogopa mafundi hukutana na namba. Marobota huchanganya nguo za nchi nyingi, kwa hiyo mwanamke mmoja, bila kula wala kufunga, anaweza kuwa 8 kwenye nguo ya Marekani, 12 ya Uingereza, 38 ya Ujerumani na 44 ya Italia. Namba za Marekani zina historia ya kuchekesha kidogo. Wizara ya kilimo ya huko ilisimamia upimaji wa wanawake wapatao 15,000 mwaka 1939 na 1940, na matokeo yakachambuliwa kwa wanawake weupe pekee. Kutokana na kazi hiyo kilitolewa kiwango cha taifa mwaka 1958, kikafutwa mwaka 1983, na tangu hapo kila kampuni hujiandikia namba inayompendeza mteja. Kuna sababu, basi, kwa nini suruali inayopita kwenye hips za Buguruni huachia nafasi ya ngumi nzima kiunoni. Asiyeweza kuijaribu papo hapo aitie utepe, au achukue nguo yake inayomkaa vizuri ailaze juu ya ile mpya. Namba isisomwe.

Abaya nayo huandikwa 52, 54, 56 hadi 60, na kuna waliozirudisha kwa hasira wakidhani wameitwa wanene. Ile namba ni urefu kwa inchi, kutoka begani hadi chini, na haihusiani na kiuno cha mtu. Dera peke yake halina ugomvi na mwili wowote. Adui yake ni ngazi: anayepanda akiwa na mtoto mkono mmoja na ndoo mkono wa pili hukanyaga pindo la mbele, na kila hatua inamkunja zaidi mpaka anafika juu akiwa ameinama kusalimia watu.

Nguo iliyoharibika si lazima itupwe. Inayopwaya hupunguzwa kwa urahisi ubavuni, ingawa mabega ni kazi ngumu inayohitaji kufumua mikono yote. Inayobana huongezwa tu kama ndani ya mshono mna kitu, na hapo ndipo kila kitu kinapoamuliwa. Msomaji anayepeleka kitambaa kwa fundi aombe jambo hili mapema: inchi nzima iachwe kila upande wa mshono wa ubavu, na gauni lijaribiwe siku mbili kabla ya shughuli, mtu akiwa amekaa, mikono juu, na pumzi zake zote.