Jinsi ya Kuvunja Bomba kwa Mkono Wako Mwenyewe

Umerudi Dimani kutoka Dar na koki mpya inayong'aa. Usimwite fundi. Fundi ataanza kwa kufunga maji ya tenki, na huo ni woga.

Kwanza ujue unachokwenda kuvunja. Elbo imo ndani ya ukuta wa bafu, lakini bomba lenyewe limeteremka kutoka kwenye tenki likipita nje, upande wa jua. PVC ikipigwa jua miaka mingi hupauka, ikakauka, na siku ikiguswa hukatika kama kashata. Basi usilipake rangi wala usilifunike.

Sasa ikamate koki ya zamani. Kama kisima chako ni cha maji ya chumvi, yale ya upande wa delta, koki imekwisha kushikana na elbo siku nyingi. Waoga hutumia spana mbili: moja inazungusha koki, ya pili inashikilia elbo isizunguke nayo. Wewe tumia moja, maana mkono wa pili umeshika simu yenye tochi. Zungusha kwa nguvu za ujana. Elbo ikigeuka ukutani, bomba la nje linapindwa, na utasikia "ka!" upande wa pili wa nyumba. Hapo watoto watakuletea habari kabla hujauliza.

Ikiwa kwa bahati mbaya bomba limepona, koki mpya itamaliza kazi. Zungushia tepu nyeupe mpaka inenepe, kwa sababu kila mzunguko wa ziada ni kabari ya kuipasua elbo kutoka ndani. Halafu kaza mpaka mishipa ya shingo isimame. Kuna watu hukaza kwa vidole, wakaongeza mzunguko mmoja wa spana, wakaacha, hao hawajiamini. Dukani zipo pia elbo zenye shaba ndani, zinazovumilia koki ya chuma. Zimezidi bei kidogo, ndiyo maana hukununua.

Kiraka? Chukua kipande cha PPR, kipake gundi ya PVC. PPR huunganishwa kwa mashine ya moto, kwenye nyuzi 260 hivi, na gundi hiyo haiishiki kabisa. Fungulia maji hapo hapo, gundi ikiwa mbichi.

Fundi atafika kwa bodaboda kutoka Kibiti mjini, achungulie, aulize, "Hapa alifunga nani?" Mtaje yule aliyehamia Mtwara.